Kondoo Wetu wa Maabara

Harufu ya kondoo aliyelowa mvua ikinipata, naacha hata pilau.

Pale Lumemo tulikuwa na kondoo mmoja, mkia wake peke yake ungetosha kuwa mto wa kulalia watu wanne na mgeni. Mtu wa maabara ya mjini alikuwa anakuja kumtoa damu kidogo shingoni, ya kulishia wadudu wa magonjwa. Nilitamba mtaa mzima kwamba kondoo wangu ni daktari.

Halafu mdogo wangu akalazwa zahanati na nimonia. Kifua kinapiga kama mashine ya kukoboa mpunga, na dawa hazimsaidii. Mtu wa maabara akaja.

"Shikamoo, mjomba. Leo damu ya nini?"

"Marahaba. Ya wadudu tuliowatoa kwenye makohozi ya mdogo wako. Wakila wanazaana, tunawajua ni wa aina gani, tunajua na dawa ya kuwaua."

Mimi nikasikia moja tu: wanalishwa. Nikasema moyoni, hao watakufa njaa! Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikamswaga kondoo hadi katikati ya mpunga, nikamkumbatia kwenye mvua mpaka jioni. Baba aliita, sauti ikafika hadi Malinyi huko mbali.

Damu ikatolewa kesho yake. Siku ya tatu mtu wa maabara akapitia kwetu mbio na baiskeli, karatasi mkononi.

"Tumewajua! Dawa ipo!"

Akakuta watu mikekani, tumetoka kumzika mdogo wangu asubuhi ile. Akakunja karatasi, akakaa. Kondoo akaja kumnusa mkono, alivyomzoea.

"Hivi siku ile alipotelea wapi huyu?"

"Kondoo hana akili," baba akasema.

Nikaitikia, "Hana."