Mke Wangu, Jogoo na Diski Mpya

Kompyuta yangu ni ya zamani, ila diski yake ni mpya, hizi za SSD. Siku moja nilifuta picha ya jogoo niliyekwisha kumla, nyama ngumu hiyo, tuyaache, kumbe nimemfuta na marehemu mke wangu aliyesimama pembeni akimgombeza. Picha yake nyingine sina. Nikaibeba kompyuta hadi kwa binti fundi pale Ihanja.

"Shikamoo babu," akanipokea. Nilipomweleza, akasema: "Diski hizi, Windows ikiziambia kitu kimefutwa, zinajifagia zenyewe. Hakirudi."

Nikamsihi ajaribu tu. Akaiwasha, akacheka. "Babu, Windows yako ya kale mno, haijui kuiamuru diski ifagie!"

Akaitafuta picha, mke wangu akatokea kwenye skrini, kidole juu, anafoka.

"Nikuwekee Windows mpya?"

"Thubutu!"