Nyongeza ya Wali

Mpaka leo nikisikia harufu ya ndimu kavu ikichemka pamoja na iliki, miguu yangu hugeuka yenyewe kutafuta inatokea mlango gani. Ni mazoea ya kazi, wala sioni haya kuyasema. Nilipokuwa na miaka kumi nilikuwa bingwa wa kutafuta chakula cha mchana upande wa Al-Sulay, kule kwenye maghala ya Riyadh, na kama kuna mtu aliyezijua hoteli za eneo lile kunishinda mimi, basi alikuwa baba yangu, na yeye ndiye aliyenifunza. Sisi ni watu wa Mombasa, lakini wakati huo tulikuwa tukikaa Jeddah, ambako Baba alikuwa karani bandarini. Mwaka ule Mama alirudi nyumbani kujifungua kwa nyanya yangu, shule zikafungwa, na wakati huohuo kafili wake Baba, yule bosi aliyeshika karatasi zake za kazi, akampeleka Riyadh miezi mitatu kusimamia ghala jipya. Angeniacha na nani? Akanichukua, akapanga chumba mtaa wa Al-Suwaidi, na kila asubuhi tukawa tunakwenda kazini wawili, yeye na mafaili yake, mimi na daftari langu la kuchorea.

Baba hajui kupika, na hilo halina mjadala. Aliwahi kuunguza chai. Kwa hiyo usiku tulikula mkate na mayai, na tumaini letu lote tukaliweka kwenye sahani ya mchana. Hoteli za Al-Sulay zilikuwa na mtindo wao: huulizwi unataka nini, unaketi tu, na kwa bei moja vinakuja supu ya dengu, matango yaliyokatwa, wali wa kabsa na robo kuku juu yake, pilipili ya nyanya, na maziwa lala. Halafu, na hapa ndipo hoteli moja inapoachana na nyingine, kuna nyongeza. Mhudumu anapita katikati ya walaji na sufuria kubwa, na yeyote ambaye sahani yake imeonekana chini anatiliwa wali tena, bure, mpaka aseme basi. Kwa Baba hiyo ndiyo ilikuwa sheria yenyewe. Kuku angeweza kuwa mkavu, maziwa yangeweza kuwa maji matupu, lakini kama sufuria haikupita alifuta mikono, akasimama na kusema, “Haya, twende. Hapa tumeonja tu.” Hapo nilijua hoteli ile imekufa, haturudi tena. Neno “kula” alilitunza kwa waliomwongeza.

Mwenzetu wa tatu alikuwa Anko Omondi, dereva wa lori la ghala, mtu wa Kisumu. Miaka ile Wakenya walikuwa wakishuka kule kwa makundi, akina mama wakipelekwa majumbani na wanaume kwenye usukani na kwenye malindo, naye aliingia na kundi mojawapo, peke yake, akiwaacha watoto wawili nyumbani. Mimi aliniita Inspekta. “Inspekta, leo ni wapi?” angeuliza saa sita, na nakwambia, nilijiona! Nilitangulia mbele yao na nywele zangu za mabutu, nikachungulia sahani za wanaotoka. Mifupa ikiwa mitupu na wali umebaki, kuku ni mzuri na mchele ni mbovu. Supu ikija kabla haijaitishwa, mpishi anajiamini. Wakubwa wawili walinisubiri mlangoni mpaka nitikise kichwa au nikunje pua. Hoteli niliyoichagua mimi mwenyewe ilikuwa ya Myemeni mmoja, nyuma ya duka la matairi. Tulikaa chini kwenye zulia, nailoni ikatandazwa mbele yetu, na sufuria ilipita mara tatu. Anko Omondi alifungua mshipi. Baba akasema, “Alhamdulillahi, leo tumekula,” na tangu siku hiyo hatukwenda kwingine.

Ukumbi ule ulikuwa wa wanaume watupu, kama kumbi zote za namna ile wakati huo. Familia zilikuwa na sehemu zao, zenye mlango wao na mapazia yao. Mimi nilipita kwa sababu nilikuwa mtoto wa gauni, na hao madereva na wapagazi, ambao wengi wao walikuwa na mabinti waliowaacha mbali, walinisogezea mto wa kuegemea na kunipa mapaja ya kuku. Nilizoea. Nilidhani nafasi yangu iko pale daima. Basi huko Al-Suwaidi jirani yetu alikuwa na binti anayeitwa Rim, ananizidi mwaka mmoja tu, na Rim alikuwa na buibui jeusi lenye uzi wa fedha mikononi. Jamani, nililitamani buibui lile mpaka nikakosa raha. Nilimsumbua Baba wiki nzima. “Ungali mtoto weye,” akasema. “Ngoja mamako arudi.” Nikamnunia, nikaacha hata kutikisa kichwa mlangoni mwa Myemeni, ikabidi Anko Omondi aniombee. Ijumaa Baba akaninunulia. Uzi wa mikono yangu ulikuwa wa dhahabu, mzuri kuliko wa Rim.

Siku ya kazi iliyofuata nilikwenda nalo Al-Sulay. Nilitembea kama bibi harusi, nimeshika pindo lisiguse mafuta ya magari. Tulipofika mlangoni Myemeni akainua kiganja na kutazama chini, na hakuzungumza nami hata kidogo, alizungumza na Baba. Kwa Kiarabu chake cha upole akamwambia, “Abu Zuhura, nisamehe. Juzi alikuwa mtoto, leo ni mwanamke. Hapa ni wanaume.” Anko Omondi akaingilia kati na maneno yake ya kuokota. “Aki bosi, si ni yuleyule! Ni Inspekta!” Yule mzee akatikisa kichwa. “Halas, basi.” Hakuwa mbaya, ningependa kusema alikuwa mbaya lakini hakuwa. Hoteli yenye sehemu ya familia ilikuwa mbali kule barabara kuu, na huko hakuna sahani ya mchana, unachagua kwenye orodha na kungoja saa nzima, na Anko Omondi, mwanamume asiye ndugu yetu, asingeruhusiwa kuketi nasi. Mapumziko ya Baba yalikuwa yakiyoyoma.

Akachuchumaa mbele yangu. “Sikiza, mwanangu. Ndani una gauni lako. Tulikunje hili buibui, tuliache kwenye lori, tuingie tule. Jioni utalivaa.” Sauti yake haikuwa na ukali wowote, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Ndimu kavu na iliki zilitoka mlangoni na kunipiga usoni. Nilivitaka vyote viwili. Nilitaka buibui langu, nilitaka na zulia lile, sufuria ipite, watu waniite Inspekta, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona kwamba nimeombwa nichague na kwamba nikishachagua sirudi nyuma, kwani hata nikilivua leo, mwakani nitakuwa nimekua, sitakuwa na la kuvua. Nilianza kulia. “Silivui,” nikasema. “Ingieni nyinyi. Mimi sina njaa.” Nilikuwa na njaa ya kufa.

Baba akasimama, akamwambia Anko Omondi afungue lori. Kisha akamwagiza Myemeni sahani tatu za kufunga. Supu ilikuja kwenye mifuko ya plastiki iliyopigwa fundo, wali ndani ya karatasi ya fedha. Tukapanda ndani ya lori, kiyoyozi kikivuma, mimi katikati, mikono ya buibui nimeikunja mpaka viwikoni, na bila shaka nikaumwagia supu uzi wa dhahabu. Anko Omondi alicheka mpaka akapaliwa. Wali ukaisha. Nikatazama mlango wa hoteli, kwa sababu sufuria haitoki nje, nyongeza ni ya aliyeketi ukumbini, na Baba ni mtu mkubwa, bega lake peke yake lilikuwa na njaa zaidi yangu. Nikangoja aseme tumeonja. Baba akajilamba vidole, akakunja karatasi yake vizuri. “Alhamdulillahi,” akasema. “Leo nimekula.” Anko Omondi akamtazama, akatazama mbele. “Hata mimi, Mzee. Nimekula kabisa.” Yeye angeweza kuingia ukumbini siku yoyote, hakuna aliyemzuia. Hadi tuliporudi Jeddah, hakuingia tena, na Baba hakuingia tena, na kila mchana walisema wamekula.

Mwaka jana nilipelekwa Riyadh na kazi yangu kwa wiki moja. Nilikwenda Al-Sulay. Duka la matairi lipo, hoteli ipo, imewekwa vigae vipya, na mlango ni mmoja kwa watu wote. Hakuna aliyeinua kiganja. Kulikuwa na mama na wanawe, kulikuwa na wasichana wawili wakicheka, na mimi nikaketi katikati kabisa ya zulia, na buibui langu, peke yangu, nikafurahi sana, sitaki kudanganya. Nililistahili zulia lile. Supu ilikuja kabla sijaiitisha. Sufuria ilipopita nikasogeza sahani, ikapita tena nikasogeza, na mara ya tatu vilevile, ingawa nilikuwa nimevimbiwa.

Nikiwa bado nimeketi pale nikampigia Baba, Mombasa. Siku hizi ana sukari na Mama humpimia wali kwa kikombe, kwa hiyo habari za chakula huzisikiliza kwa makini. Nikamweleza yote, mlango, vigae, supu.

“Na waliongeza?” akauliza.

“Mara tatu, Baba.”

Akavuta pumzi kwa raha, kana kwamba wali ule umeingia tumboni mwake. “Basi hapo umekula.”

Nilitazama nje, mahali lori lilipokuwa likisimama.

“Hapana, Baba,” nikamwambia. “Nimeonja tu.”