Kuku wa Mama Mkwe Chini ya Kitanda

Wiki nzima nimempaka mtoto dawa ya upele, kumbe shida inalala chini ya kitanda chetu ikiatamia mayai!

Jamani, nimechoka.

Akinyi wangu amejaa vipele shingoni. Majirani hapa Obunga wanaogopa hata kumbeba. Nimechemsha shuka mpaka mafuta ya stovu ikaisha.

Leo asubuhi nikamulika chini ya kitanda na simu. Wadudu wadogo kama vumbi wanatoka kwa kuku, wanapanda neti ya mtoto. Utitiri!

Na hiyo kuku huwezi kuchinja wala kuuza. Mama mkwe aliileta kutoka kwake Katito, zawadi ya Akinyi alipozaliwa. Ukiigusa, umemtusi.

Sasa ona, yeye mwenyewe akabisha hodi saa hiyo hiyo.

"Mama, kuku iko na wadudu."

"Kuku yangu? Sema nyumba yako ndiyo chafu!"

Akaichukua, akaikumbatia kifuani ndio nione vile ni safi.

Nikamsogezea kiti. (Niko na adabu, mnanijua.)

Haikukawia. Akajikuna shingo. Akajikuna kwapa. Kuku ikarushwa nje!

"Uwi! Mama Akinyi, leta maji!"

Saa hii kuku na mayai wako nje kwa karai ya jivu. Anayejua dawa ya utitiri isiyoharibu mayai aniandikie, yanakaribia kuanguliwa.

Mama ameoga, amejifunga leso yangu. Mimi hajaniomba msamaha.

Lakini amembeba Akinyi, anapuliza vile vipele kimoja kimoja, akimwambia, "Pole, nyathina, mtoto wangu. Dana, nyanya yako, hakujua."