Sahihi Mbili za Soda

Sina heshima hata chembe kwa mtu anayeita mkutano wa wananchi kisha akapanga kreti za soda mahali ambapo kila mtu ataziona. Huyu alikuwa kijana wa ofisi fulani ya serikali, viatu vimechongoka, amesimama mbele yetu katika ukumbi wa kanisa pale Riruta Satellite, jirani na kwetu Kawangware. Ilikuwa Julai ya mwaka juzi. Alikuja kutushirikisha, alisema. Nje ya mji kungejengwa kituo cha data, jumba lililojaa kompyuta kutoka sakafuni hadi darini, na serikali ingekipa msamaha wa kodi, stima ya bei nafuu kuliko yetu, na laini ya stima yake pekee.

"Kila picha mnayotuma kwa simu inalala mahali," alituambia, kama mwalimu wa chekechea. "Mbona ilale ng'ambo? Tunataka ilale hapa nyumbani."

"Ilale vizuri, na mimi nilale giza?" aliuliza mama mmoja anayeuza dagaa wa omena kule stejini.

Tulicheka. Kijana naye akacheka, kicheko cha kuazima, kisha akaeleza kwamba mashine zile haziwezi kukatiwa stima hata dakika moja. Zikipata joto zinakufa, kwa hiyo stima nyingi ni ya kuzipulizia baridi. Alisema hivyo bila haya, mbele ya watu waliojikunyata ndani ya majaketi mawili mawili. Nilimdharau palepale.

Lakini nilikaa mpaka mwisho. Sote tulikaa. Mtu wa Kawangware anaijua sheria ya mikutano hii: bila sahihi hakuna soda. Karatasi ikapita, jina, nambari ya kitambulisho, sahihi. Hatukuuliza juu yake kumeandikwa nini. Nani husoma kichwa cha karatasi ya soda? Na kama ilivyo kawaida yetu, aliyeacha mtu nyumbani alimwandika naye pia, mgao wake usipotee. Nilimwandika mke wangu, nikampigia sahihi ya kubuni, nikambebea soda na nusu mkate ndani ya koti. Jioni hiyo nilimshikia chupa akinywa, maana vidole vyake vilikuwa vimekataa kukunjika. Akaniita mume mwenye akili.

Mke wangu ni mama fua. Miaka yote tuliyoishi Kawangware amefua nguo za matajiri wa Lavington kwa maji baridi ya bomba, na sasa asubuhi za baridi hawezi kufunga vifungo vya blauzi yake mwenyewe. Mwaka huu alijinunulia inkubeta, sanduku la kuangulia mayai kwa joto la stima, na dada yake akamtumia trei tatu za mayai ya kienyeji kutoka kwao Magharibi. Soko la kuku sisi hatutafutiwi na mtu. Kwetu mgeni asiyechinjiwa kuku anaondoka akijua hakutakiwa. Vifaranga wale wakitoka angeacha kufua, basi. Alikuwa na hakika hata akamwambia mdosi wake atafute mtu mwingine. Kilichobaki ni kungoja siku ishirini na moja.

Siku ya kumi na tisa, asubuhi, stima ikapotea. Tangu jumba lile liwashwe ilikuwa ikipotea kila wiki, saa mbili hapa, saa tatu pale, nasi tukizoea kama watu wanavyozoea jino bovu. Safari hii haikurudi. Tulijaza maji moto kwenye mitungi, tukaizungushia mayai na kuyafunika kwa blanketi zetu zote. Mimi nikatoka kutafuta kuku anayeatamia.

"Niaje, mzee," fundi wa viatu aliye nyuma ya kinu cha posho aliniambia. "Wengine hukopa unga, wewe unakopa kuku mzima?"

"Ni wa kukalia mayai ya mathe wa nyumbani tu. Nitamrudisha."

Alinipa. Kuku yule alifunika mayai kumi na moja, na hata angetaka vipi, asingeweza kuongeza.

Kesho yake mchana bado tulikuwa bila stima. Mke wangu alikuwa amekaa chini, mitungi imepoa tena, redio ya betri inaongea. Nikaisikia sauti ile ile ya mwalimu wa chekechea, ya yule kijana wa soda. Alikuwa akieleza kwamba mgao wa stima ni wa muda, na kwamba kituo hakihusiki kwa vile kina laini yake. Tena, alisema, wakazi wa Kawangware walishirikishwa kikamilifu, wanaume kwa wanawake, wakaunga mkono mradi, na sahihi zao zipo.

Nilimtukana. Nilimtukana yeye, viatu vyake na shule iliyomfundisha kusoma. Mke wangu alichukua yai moja na kuligonga polepole ukingoni mwa beseni. Ndani mlikuwa na kifaranga kamili, manyoya yameshaota, mdomo umeelekea kwenye ganda. Kifaranga hakuwa akipumua. Akagonga la pili, na la tatu, kisha akaacha.

"Baba watoto," alisema, "ile soda uliniletea, ulisaini jina ya nani?"

Nilikuwa na matusi mengi yaliyobaki, lakini hakuna hata moja lililofaa.

"Yako," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa. Chini ya kuku wa kuazima walitoka vifaranga sita, lakini hao walikuja siku iliyofuata. Mchana ule alijifuta mikono kwenye leso, akaniambia nimtafutie namba ya mdosi wake wa Lavington, amuulize kama kazi bado iko. Nikaibonyeza, kisha nikamshikia simu sikioni, kwa sababu vidole vilikuwa vimekataa.