Futa Wote, Bakiza Mmoja

Jamani, leo nacheka, ila siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mimi mtu wa Moshi, karani mgeni wa ofisi ya mifugo Loliondo, niliona kwenye rejista ya chanjo ng'ombe kibao wenye alama moja. Nikajua wameandikwa kwa kurudiwa. Nikaiagiza akili bandia ya ofisini ifute wote, ibakize mmoja. Ikajibu haina ruhusa ya kufuta, imempelekea bosi ombi langu. Nikaisonya!

Bosi akatoka na simu mkononi, akawageukia wafugaji waliojaa barazani.

"Alama ya ukoo mzima, huyu kadhani ni ng'ombe mmoja! Anaomba nifute ng'ombe wenu, abaki mmoja tu."

Namshukuru Mungu hakufutika hata ndama. Mzee mmoja akanitazama kwa upole.

"Sasa mwanangu, umetuchagulia yupi?"