Sahani ya Chaza Waliogoma Kufunguka

Saa nne kasorobo asubuhi, siku ya Jumamosi. Katika ua mdogo nyuma ya nyumba ya vyumba vitatu, mwanamke wa miaka hamsini na tisa ameketi juu ya kigoda mbele ya beseni la maji ya chumvi. Anagonga chaza mmoja baada ya mwingine kwa mgongo wa kijiko. Anayefumba magamba yake baada ya kugongwa huwekwa kwenye chujio. Anayebaki ameachama hutupwa ndooni.

"Aliye hai ukimgonga hujifunga," asema bila kuinua macho. "Asiyejifunga amekwisha kufa, na mimi maiti sipiki. Akishapikwa, mambo yanageuka: aliyekuwa mzima hufunguka mwenyewe, na asiyefunguka simpi mtu. Ni hayo mawili tu. Mtoto wa darasa la kwanza angeyashika kwa siku moja."

Anagonga mwingine.

"Na mimi niliyajua. Nikayavunja."

Kwa miaka ishirini na saba mama huyu amekuwa mpishi katika jiko la hospitali. Kila siku ya kazi huwasha moto saa kumi na moja alfajiri, na kabla ya saa mbili uji wa wagonjwa mia tatu na arobaini huwa umekwisha kugawanywa wodini. Wagonjwa wamempa jina la Bi Uji, naye amelikubali. Mshahara wake, kwa maneno yake mwenyewe, "hufika tarehe mosi ukiwa mnene na tarehe kumi na nane umeshazikwa."

Chakula anachopika huko hakina pilipili, na chumvi yake hupimwa kwa kijiko cha chai. "Watu wanalalamika kwamba chakula cha hospitali hakina ladha," asema. "Ni kweli. Kingekuwa na ladha, nani angekubali kuruhusiwa kwenda nyumbani?"

Ladha ameiweka akiba kwa ajili ya siku moja katika mwaka. Siku hiyo ndugu zake wote hukutana nyumbani kwake, naye huwapikia sufuria moja kubwa la kaa, kamba, chaza, viazi na mahindi, vyote vikichemshwa pamoja katika maji yaliyokolezwa viungo. Alifundishwa na mpishi mwenzake wa zamani, aliyepata kufanya kazi melini kabla ya kuingia hospitali.

Miezi mitano kutoka sasa Bi Uji atastaafu. Angependa kufanya kazi hiyo hiyo katika nyumba za watu: waitwe wageni, yeye aje na viungo vyake, apike, asafishe, aondoke. Watu wawili wamekwisha kumtafuta kwa shughuli zao. Wote wawili waliahirisha, kisha wakanyamaza. Sababu anaifahamu vizuri.

"Wamesikia kwamba kaka yangu wa damu akija kwangu huja na chakula chake," asema. "Mtu akisikia hivyo haulizi swali la pili."

*

Jambo lenyewe lilitokea miaka sita iliyopita, katika mkusanyiko kama huu. Wageni walikuwa kumi na wanane, chaza walikuwa sitini. Sufuria lilipofunuliwa, chaza kumi na watatu walikuwa wamefunga kama walivyotoka sokoni. Bi Uji alitazama idadi ya watu, akatazama chakula, akaona haya. Aliingia jikoni, akachukua kisu chenye ncha, akawabandua wote kumi na watatu, akawachanganya na wengine.

Kabla jua halijazama, watu saba walikuwa wanatapika. Wanne walilazwa. Mmoja wao alikuwa kaka yake mkubwa, mkaguzi wa mizani za masokoni, mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba kilo moja ni kilo moja.

Jumatatu asubuhi Bi Uji alisukuma toroli la uji mpaka kitandani kwa kaka yake.

"Akaniuliza, 'Umepika wewe?' Nikamwambia ndiyo, kaka. Akageukia ukutani."

Hata hivyo, si uji wala tumbo vilivyowafarakanisha. Ndugu walipouliza chanzo cha ugonjwa, Bi Uji alijibu kwamba muuzaji alimuuzia chaza wabovu. Kaka yake alipopata nafuu alikwenda sokoni na vazi lake la kazi, akasimama mbele ya meza ya muuzaji yule, mwanamke mjane, akamkemea mbele ya wateja wake. Muuzaji alikana kwa machozi. Kwa wiki tatu hakuna aliyenunua chaza kwake.

Katika wiki ya tatu Bi Uji hakuweza tena kustahimili. Alikwenda sokoni akakiri mbele ya meza ile ile, kwa sauti ya kusikika na majirani wa meza. Kisha akaenda nyumbani kwa kaka yake akakiri tena.

Uongo wa namna hiyo hauwezi kuitwa kuteleza kwa ulimi, na mwenyewe hauiti hivyo. "Nilidanganya," asema. "Nilitazama uso wa kaka yangu nikadanganya."

Kaka alimsikiliza mpaka mwisho. Jibu lake analikumbuka neno kwa neno: "Tumbo limepona. Lakini ulinituma nikamdhalilishe mtu asiye na kosa. Nitakuja kwako kwa sababu wewe ni mdogo wangu. Chakula chako sitakula."

Tangu siku hiyo amekuja kila mwaka, bila kukosa, akiwa na hotpoti yake.

*

"Umemsahau huyu," asema mdogo wake Bi Uji, mshonaji wa sare za shule, akichungulia beseni. "Ananitazama."

"Hana macho huyo."

"Basi ananisikiliza."

"Amekushinda. Wewe nimekwambia kata mahindi tangu saa tatu, hujasikia mpaka sasa."

Mume wa Bi Uji, fundi wa majokofu, ameshika saa. Jikoni kwa mkewe, iwe hospitalini au nyumbani, hakuna "karibu kuiva". Kuna dakika. Sufuria la lita arobaini, lililoazimwa kwa jirani, limekaa juu ya jiko la gesi la chini uani. Ndani yake maji yanachemka pamoja na chumvi, tangawizi, ndimu na vitunguu saumu vilivyokatwa katikati. Pilipili manga, giligilani na mbegu za haradali zimefungwa katika kitambaa cheupe, kinachoelea kama mto wa mtoto mchanga.

Mshonaji anaonja maji kwa kijiko, anakunja uso. "Dada, haya ni makali! Utatuua."

Neno hilo likishatoka, hawezi kulirudisha. Mumewe Bi Uji anatazama saa yake kwa makini kuliko ilivyohitajika.

"Makali ndivyo yanavyotakiwa," Bi Uji ajibu kwa utulivu. "Viazi ni vizito vya kusikia. Lazima uvipigie kelele."

Viazi vinaingia kwanza, dakika kumi na mbili. Kaa na mahindi wanafuata, dakika saba. Kisha chaza sabini na wawili, waliopita mtihani wa kijiko, dakika tano. Kamba huja mwisho, dakika tatu tu, kwa sababu kamba aliyezidi hapo, asema, "anageuka kifutio."

Kabla ya kamba, Bi Uji anafanya jambo moja ambalo mgeni angelishangaa. Anaingia ndani, anakusanya visu vyote vya nyumba, hata cha kupakia siagi, anavifunga kwenye taulo na kuviweka juu ya kabati la chumbani. Havitashuka mpaka watu wamekwisha kula. Amefanya hivyo kwa miaka sita.

"Siuamini mkono wangu," asema. "Haya zikinipanda, sitaki kisu kiwe karibu."

*

Mlangoni sauti inabisha hodi. Ni kaka, mwembamba, shati lake limepigwa pasi mpaka kwenye mikunjo ya mikono.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mmeshaanza?"

"Bado. Karibu ukae. Wifi hajambo?"

"Mguu unamsumbua. Amewasalimu."

Anaweka hotpoti ya buluu kwenye pembe ya meza, pale pale anapoiweka kila mwaka. Ndani yake kuna wali na maharage, na kila mtu anajua.

"Kaka," asema mshonaji, "hotpoti hii sasa tuihesabu katika ukoo. Haijakosa mkutano hata mmoja."

"Wala haichelewi kama wewe," ajibu kaka, na watu wanacheka, Bi Uji akicheka kidogo kuliko wengine.

Moto unazimwa. Wageni kumi na wanne wanasogea, lakini sufuria halifunuliwi. Hapa ndipo Bi Uji hugombana na ndugu zake kila mwaka, kwa maana chakula kimeiva, harufu imejaa ua mzima, naye anataka kingoje dakika kumi na tano katika maji yake.

"Moto unaivisha," asema. "Ladha inaingia moto ukishazimwa."

"Shemeji, hata askari wa zamu wana huruma kuliko wewe," alalamika shemeji mmoja.

"Bado dakika tisa," atangaza mumewe.

Meza imetandikwa karatasi nyeupe. Alikataa magazeti, kwa sababu wino huacha alama kwenye viazi, na gazeti hili unalolisoma halina la kujitetea. Dakika zikitimia, wanaume wawili wanachuja maji, wanamimina vyote katikati ya meza: kaa wekundu, mahindi ya manjano, viazi vilivyopasuka ngozi, kamba waliojikunja. Siagi iliyoyeyushwa na kitunguu saumu inamwagwa juu. Mvuke unapanda.

Hakuna anayegusa. Kwanza Bi Uji anaweka sahani moja nyeupe ya bati mbele ya macho ya wote. Anapitisha vidole katika lile lundo, polepole, na kila chaza aliyefunga anamweka sahanini. Ndugu zake wamezoea. Wanaiita sahani ya waliogoma.

"Tisa," asema kaka, ambaye amekuwa akihesabu.

"Tisa, kaka."

Kaka anainama, ananyoosha mkono kwenye lundo, anatoa chaza mmoja na kumshika kwenye mwanga. Magamba yake yameachana, lakini kwa upana wa ukucha tu.

"Na huyu?"

Bi Uji anampokea, anamgeuza upande huu na upande ule.

"Huyo amechungulia tu," asema Bi Uji hatimaye. "Kwangu mimi hajafunguka."

Anamweka juu ya wenzake. Sahani ni ndogo. Chaza wa kumi anateleza, anaanguka chini. Anamwokota, anamrudisha, anamshikilia kwa kidole.

"Ungeweza kusema amefunguka," asema kaka.

"Ningeweza."

Kaka anakaa. Anafungua hotpoti, anakula vijiko viwili vya wali. Anaifunika. Kisha ananyoosha mkono, anachukua kiazi kimoja, anakila. Baada ya kiazi, kamba. Anamenya taratibu, ganda analiweka pembeni kwa mstari. Mikono mingine yote imesimama hewani.

Halafu anachukua chaza aliyefunguka vizuri, anamtazama kwa muda ambao mumewe Bi Uji, mwenye saa, atasema baadaye kwamba ulikuwa nusu dakika kamili. Anamla.

"Jamani, kuleni," asema mshonaji. "Au mnangoja hotuba?"

*

Saa tisa alasiri, karatasi zikiwa zimekunjwa pamoja na maganda, Bi Uji yuko kwenye karo anaosha vyombo. Hotpoti ya buluu imo miongoni mwao. Wali uliobaki mshonaji ameumaliza mwenyewe, akisema asingekubali mwanaukoo atupwe.

Kwa miaka mitano iliyotangulia Bi Uji ameiosha hotpoti hiyo, akaikausha, akairudisha tupu. Si desturi yake kurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu, lakini kaka alimwambia mwaka wa kwanza, "Usitie kitu," na agizo halikufutwa.

Leo anaikausha, anasimama nayo mlangoni.

"Kaka, hotpoti yako."

Kaka anaitazama, anatazama meza, ambako amebaki kaa mmoja, kamba wachache na viazi.

"Wifi yako mguu unamuuma," asema. "Kinywa hakimuumi."

Bi Uji anajaza mpaka juu. Kaka anafunika mwenyewe, anabana kifuniko kwa viganja viwili. Akiwa amekwisha kuvaa viatu, anageuka.

"Mwezi ujao ofisini kwetu tunamuaga mkuu wetu. Watu arobaini. Nilikuwa nimewaambia watafute mpishi."

"Wamempata?"

"Nitawaambia waache kutafuta. Lakini chaza utawanunua kwa yule yule mama, na mimi nitakuja nawe sokoni. Kuna maneno sijamwambia."

Bi Uji anaitikia kwa kichwa. Maneno hayo kaka amekaa nayo miaka sita, kwa kuwa naye alimkemea mtu bila kuchunguza, na mizani yake haikuwa sawa siku hiyo. Hilo dada yake hajawahi kulitamka, wala halitamki leo.

Wageni wakishaondoka, anashusha taulo la visu juu ya kabati na kuvirudisha kimoja kimoja mahali pake. Mumewe anamuuliza atapata wapi sufuria la kutosha watu arobaini, maana la jirani halitafaa.

"Sufuria nitaazima hospitali, nitaandika barua," ajibu. Anaichukua ile sahani nyeupe ya bati, anaipima kwa kiganja. "Sahani ndiyo nitakayonunua. Hii imekuwa ndogo."