Vile Kaswera Séphora Alirudisha Liste ya Batoto

Kaswera Séphora, binti ya Vagheni aliyebeba samaki kwa kichwa toka Kyavinyonge mpaka Butembo, mujukuu ya Kitsa aliyevunja mulima wa Kipese kwa jembe moja, ndiye aliyeandika batoto wote ambao vita ya Beni ilitawanya. Programu ya ile liste yake ilikuwa ya kizamani, inakataa mashine mupya. Basi, ndani ya kompyuta ya bureau ya kanisa alitengeneza kompyuta ingine ya zamani, isiyo na chuma: unafungua dirisha moja, unaona mashine nzima, na liste yote inakaa mule.

Siku moja ya 2012, groupe, ile jenereta ya umeme, iliruka, pa! Kompyuta ikakufa. Na saa ile ile mama Débora alifika kutoka Mangina, anatafuta mutoto wake Kambale.

"Kambale tu?" shemasi Apollinaire aliuliza. "Lakini mama, kwetu Banande kila kijana anayezaliwa wa pili ni Kambale! Ukiita sokoni, Butembo nzima itaitika."

Débora alicheka, kisha akalia. Bila ile liste yenye kijiji, jina ya mama na alama ya mwili, hapana njia.

Séphora alifungua vis, zile skrubu za kompyuta iliyokufa, akatoa disiki, akaiunga kwa kompyuta ya mwalimu Malachie. Apollinaire akawahi kuchungulia.

"Hapana jina hata moja! Kuko fichier moja tu, faili nene kama kiboko. Hizi ni filamu za vijana wa korali. Ninafuta!"

"Toa mukono!" Rula ya Séphora ilimupata pa vidole. "Ile fichier ndiyo kompyuta ya ndani, yote, na batoto bake. Imelala."

"Basi uiamushe, Yaya," Apollinaire alisema, kama kwa dada mukubwa.

Aliinakili kwanza. Kisha akaweka kwa kompyuta ya Malachie programu ya kuendesha mashine za ndani, akaionyesha ile nakala. Skrini ikakaa nyeusi, mashine ya ndani ikijikagua muda murefu, maana ilizimika vibaya. Apollinaire akaanzisha wimbo, akasahau maneno. Mara dirisha la zamani likafunguka. Ba Kambale mia moja na kumi na mbili! Ba kutoka Mangina, kumi na moja. Mwenye mama anaitwa Débora, na kovu ya chai ya moto pa kisigino: mumoja. Yuko Kipese, kwa Joyeuse, mama anayelea batoto ba vita.

"Anamaliza viazi vya batu kule," Séphora alisema. Débora alikuwa amekwisha kutoka, kitambaa mukononi.

Séphora akamupa shemasi disiki mbili.

"Kila siku ya posho, jumamosi, unazima mashine ya ndani polepole, kisha unanakili fichier yake humu. Moja inabaki hapa. Ingine unapeleka Beni, wewe mwenyewe, hapana kutuma mutu."